Jezi za Kikosi cha Pili

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani. Nimeikumbuka tena juzi, tulipokuwa tunakula wali hapa mtaani Xiaobei, Guangzhou, uliponiambia kwamba Jumapili huendi tena mpirani kwa sababu vijana wenzako Watanzania wamekupanga kikosi cha pili. Kabla sijakujibu nataka nikusimulie vizuri yaliyonipata mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilitoka Tanga nikaenda Ujerumani kujaribiwa na klabu moja ya mji mdogo. Wakanichukua, lakini wakanipanga kikosi cha pili. Nyumbani niliandika barua kwamba nachezea klabu ile; habari ya kikosi cha pili sikuitaja. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila silo ninalotaka kukueleza.

Msimu wangu wa kwanza tulicheza vizuri mno. Ikabaki mechi moja. Tukishinda, sisi ndio mabingwa na tunapanda daraja. Basi siku moja kabla yake timu kubwa ya klabu yetu ikafungwa, ikashuka, ikaangukia ligi ile ile tuliyokuwa tunaiendea sisi. Na kanuni za kule haziruhusu timu mbili za klabu moja kucheza ligi moja. Kwa hiyo hata tungeshinda, tungebaki pale pale.

Kesho yake nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo, niliwakuta wenzangu wamekaa, wanafunga viatu. Nikasema kwa sauti kwamba hii si timu, ni ghala la wasiotakiwa, na kwamba mimi sichezi. Nikavua jezi, nikaitupa sakafuni, nikaikanyaga kwa viatu vyangu vya njumu.

Mtunza vifaa wetu alikuwa mzee mmoja tukimwita Bwana Horst. Aliinama kwa shida, akaiokota ile jezi, akaikung'uta, kisha akakaa kando yangu. Nilidhani atanishtaki kwa kocha. Badala yake akanisimulia polepole, maana Kijerumani changu kilikuwa cha kuokoteza, jinsi kikosi kile kilivyoanza. Walikuwa wafyatua matofali na waoka mikate, waliokosa nafasi timu kubwa lakini hawakutaka kuacha mpira. Yeye mwenyewe alikuwa beki wao wa kushoto. Walicheza Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha changarawe, wakarudi makwao na magoti yaliyochubuka. Walipanda daraja, wakashuka, wakapanda tena. Kisha viongozi wakakivunja, wakisema klabu haina haja ya timu mbili. Ikapita miaka minne bila kikosi cha pili, hadi kilipoanzishwa upya.

"Jezi hizi walitaka kuzitupa," akasema. "Nikazichukua nyumbani. Kila baridi ilipokwisha nilizifua, nikazianika, nikazikunja. Mke wangu akaniuliza nazifua kwa ajili ya nani. Nikamwambia sijui, bado hawajafika."

Akaniwekea jezi mapajani.

"Ninyi ndio mliofika."

Mwanangu, sikuweza kumtazama usoni. Niliivaa vile vile, ikiwa na alama za njumu kifuani, nikatoka na wenzangu. Tulishinda mbili kwa moja. Hatukupanda popote. Watazamaji hawakujaza hata mabenchi mawili, lakini wazee watatu wa kile kikosi cha mwanzo walisimama kwenye uzio, na mechi ilipokwisha walitushika mkono mmoja mmoja. Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Timu kubwa sikuifikia. Msimu wa tatu goti langu liliharibika, na nilipokuwa najiuguza Bwana Horst akanichukua nimsaidie kwenye vifaa. Akanifundisha kukijua kitambaa kwa vidole: kipi kitachuja rangi, kipi kitasinyaa, mshono upi utaachia. Ndiyo elimu iliyonileta huku Guangzhou kwenye biashara ya vitambaa, na inanilisha hadi leo. Nikienda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, laoban mwenye duka akiniambia mei you, yaani nikitakacho hana, mimi hukipapasa kitambaa alichonipa badala yake, nikamrudishia kwa tabasamu, na baada ya chai jora zuri linatoka nyuma ya duka. Watu husema nina bahati. Mimi namshukuru mzee yule. Tena nashukuru kwamba walinipanga kule chini, maana huko juu nisingemjua.

Kwa hiyo nakuusia, usipapime mahali ulipowekwa kwa jina lake. Uliza kwanza nani walikuwapo kabla yako, na walivumilia nini mpaka nafasi ile ikawepo. Kisha itumikie kwa moyo wote, hata siku ambayo ushindi hautakupandisha. Na ukimpata mtu wa kukukanya bila kukuaibisha, mshukuru angali hai. Mimi wangu nilimwandikia barua kabla hajafariki, na binti yake alinijibu kwamba mzee alitaka asomewe mara mbili.

Jumapili nenda ukacheze, mwanangu. Mungu akulindie miguu yako, akupe subira na wenzako wa kweli katika nchi hii ya ugeni, na akujaalie upaache mahali ulipowekwa pakiwa na nafuu kwa ajili ya watakaokuja, watu usiowajua. Amina.