Paja la Nguruwe Lililoogeshwa

Mwaka ule wa barakoa, siku mbili baada ya Krismasi, kwenye treni ya kutoka Westmead, huku ughaibuni, nilikaa nyuma ya mama mmoja Mkongo na rafiki yake nesi, Mkenya.

"Jirani yangu mzungu aliniletea paja zima la nguruwe," mama akasema, akilipima kwa mikono. "Limeokwa, limepakwa asali, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

"Mkalila?"

"Kwanza nililiosha."

Nesi akageuka polepole. "Ukaliosha na nini?"

"Na sabuni ya vyombo. Si limetoka kwa watu? Corona, dada!"

"Na ile asali?"

"Yote iliteremka kwenye sinki. Karafuu alizokuwa amezichomeka kwenye nyama nikazing'oa moja moja, nikazisugua, nikazirudisha."

"Woi! Na jirani akija?"

"Alikuja jana kula na sisi. Nilikuwa nimelipaka mawese, likang'aa kushinda mwanzo. Alisifu asali yake mpaka akaomba ya kubeba."

Nesi alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani. Mimi nilijikaza. Nyumbani, kwenye kamba ya nguo, nilikuwa nimeanika mkate niliouosha asubuhi, kila kipande na kibanio chake.