Wino wa Misumari

Harufu ya kutu na ndimu ikinipata mahali popote, mdomo wangu hukauka. Najiona nimechuchumaa uani kwetu Bagara, mjini Babati, nina miaka minane, natazama kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari, na Bibi ananiambia nisitie kidole. Nilikuwa nimeshatia. Nilikuwa nimeshalamba pia. Msinicheke: ulimi ulikakamaa mpaka jioni, na sikuthubutu kumwambia mtu kwa nini nimekataa wali.

Bibi alikuwa mama yake baba, Mrangi wa Kondoa aliyeletwa Babati na mumewe, mfanyabiashara wa vitambaa. Babu sikumkuta. Duka lilibaki kwa baba, na Bibi alibaki na wino wake, ambao alifundishwa na baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, enzi ambazo wino wa dukani haukuwafikia. Alichemsha makokwa ya mgunga, yale maganda ya mbegu zake, mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, akayachuja. Misumari yenye kutu aliiloweka pembeni kwenye maji ya ndimu, siku nyingi, mpaka yale maji yakawa na harufu ya sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Kisha alichanganya makokwa na kijiko kimoja cha maji ya msumari, akatia gundi ya mgunga iliyosagwa. Ukiandika, maandishi yalikuwa hafifu, kijivu tu. Ukilala ukiamka, ni meusi tii, na sabuni haiyagusi.

Katika ukoo wetu wino huo ulikuwa na kazi moja. Kila mtoto aliyezaliwa alikatiwa kipande cha bafta nyeupe dukani, na kitovu kilipodondoka Bibi aliandika jina lake kwenye pindo, kwa herufi za chuoni na kalamu ya tete. Kabla ya kitovu kudondoka haandiki, hata umpigie magoti. Changu kilikuwa sandukuni, kimeandikwa Sauda, na nilikuwa nakitoa kuwaringia watoto wa wapangaji wetu, waliokuja na wazazi wao waajiriwa wa ofisini mkoa ulipokuwa mpya. Maskini, wao walikuwa na vyeti vya kuzaliwa tu.

Mji wote ulikuwa unajengwa siku hizo. Kila ukigeuka kuna tofali, kuna lundo la mchanga, kuna mabati ya zamani yanang'olewa. Misumari iliyopinda nilipewa bure na mafundi, nikawa na kopo langu mwenyewe la kuloweka, maana Bibi aliona heri nishughulike na langu kuliko kuchokonoa lake.

"Wewe dada mdogo, unajenga ghorofa?" fundi mmoja aliniuliza.

"Natengeneza jina la mdogo wangu," nilimjibu, na wote wakacheka. Mama alikuwa mjamzito.

Lakini mdogo wangu hakusubiri. Alizaliwa kabla ya siku zake, njiti, akabaki hospitali na mama. Sisi watoto hatukuruhusiwa wodini. Baba alirudi akiwa amefunga duka mchana, akatuambia ni wa kike na anaitwa Rehema. Nikamuuliza ana ukubwa gani. Alinyoosha viganja viwili, akavitazama mwenyewe, kisha akavitia mfukoni.

Bibi alikwenda dukani akakata bafta kwa mkono wake. Alipoirudisha hakuiweka ndani ya sanduku. Aliikunja, akaiacha juu ya kifuniko.

Kila siku alipeleka uji hospitali, na kila aliporudi nilimuuliza kuhusu kitovu. Mama Ester, mpangaji wetu kutoka Singida, naye aliuliza akiwa kizingitini na bakuli la mboga.

"Bado tu, Bibi Sauda?"

"Bado, mwanangu."

Mama Ester akaitupia macho ile bafta, akaweka bakuli chini, akaondoka bila kumaliza maongezi yake, jambo ambalo kwa Mama Ester halikuwa la kawaida hata kidogo.

Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Nilimwona Rehema kama mgeni asiyeitwa kwa jina, ambaye lazima ataona haya na kuondoka. Niliogopa. Niliogopa kiasi cha kushindwa kucheza.

Jioni moja Bibi alirudi na chupa ya uji ikiwa bado nzito. Mama hakuwa amekunywa. Bibi aliketi kwenye mkeka bila kuvua ushungi. Nikachukua bafta juu ya sanduku, nikachukua kalamu na sufuria ya makokwa, nikamwekea mbele.

"Bibi, mwandike."

"Kitovu hakijadondoka, mama yangu."

"Atakaaje na sisi wakati hajui anaitwa nani?"

Nikamletea na kopo langu, nimelikumbatia kwa mikono miwili.

"Tia yote haya. Jina likolee, lisifutike."

"Maji ya msumari yakizidi, wino unakula nguo, Sauda."

"Unakula lini?"

Alilipokea kopo. "Siku nyingi mbele huko. Rehema atakuwa mtu mzima, ana mtoto wake mgongoni."

"Basi tia yote."

Akatia yote. Mkono wake, ambao sikuwahi kuuona ukikosea, ulipitiliza, na mkia wa herufi moja ukaenda mbali kuliko ilivyopasa. Jina likatoka hafifu, kama la mtu aliyeandika kwa maji, nikaanza kulia kwamba halionekani. Akanivuta kifuani, akanifuta kwa ushungi. "Lala. Utaliona asubuhi."

Asubuhi lilikuwa jeusi. Sijawahi kuona weusi ule tena. Bibi aliikunja bafta, akaipeleka hospitali, na Rehema akalazwa ndani yake kifuani kwa mama. Kitovu kilidondoka. Alirudi nyumbani mdogo kama kifaranga na sauti ya mnadi, na Mama Ester alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mimi sikushangaa. Nilijua ni kopo langu.

Nilibaki na imani hiyo mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, siku Bibi mwenyewe alipofariki. Wanawake walikuwa wanakata sanda yake ndani, bafta ileile ya dukani kwetu, na shangazi akiwa na mkasi mkononi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hiyo ndiyo sababu mtoto haandikiwi jina kabla ya kitovu kudondoka. Asipokaa, bafta yake ndiyo anayozikwa nayo, na sanda haiandikwi. Nilitoka nje nikakaa uani peke yangu.

Kumbe nilimletea wino mtu aliyekuwa akisubiri kujua ile bafta itafanya kazi gani. Nilidhani Bibi anajua Rehema atapona, kwa jinsi alivyosema mtoto mgongoni. Hakujua. Alikuwa ametoka kuona mtoto asiyelia na mama asiyekula. Lakini alipoandika, ile nguo haikufaa tena kaburini.

Mwaka jana Rehema alijifungua, anakaa Sigino kwa mumewe. Nilimpelekea bafta yake. Kwa miaka mingi nimeona jina likigeuka kahawia, kingo zikiwa ngumu, nyuzi zikikatika moja moja. Yangu, ya kijiko kimoja cha maji ya msumari, bado inasomeka. Yake tulipoikunjua, vumbi la kutu lilianguka mapajani mwake, na mahali pa jina pakabaki tundu lenye umbo la herufi, mkia mmoja ukiwa mrefu kuliko ilivyopasa.

"Dada," akasema, "jina langu limeliwa."

Nililia. Yeye akacheka, maana ananijua, akamfunika mwanawe nayo hivyo hivyo. Katika lile tundu ilionekana ngozi ya mtoto, ikipanda na kushuka.