Alama za Kijiji

Nilifika Ufipa nikiwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha ualimu, mablanketi mawili na bila wazo lolote kichwani. Kwa mwalimu kijana huo ulikuwa mzigo mzuri. Nilifundisha hesabu kama nilivyofundishwa mwenyewe: natoa mfano ubaoni, watoto wanafanya, nasahihisha. Shule ilikuwa kijijini, kando ya njia iendayo Namanyere, na mimi mtu wa Mbeya nililalamikia upepo tu.

Kisha nikapelekwa Sumbawanga mjini kwenye semina ya wiki moja ya elimu ya kujitegemea. Tulikula wali na nyama kila mchana, tukaambiwa kwamba shule zetu zilikuwa zinatengeneza mabepari wadogo. Siku ya mwisho mkufunzi akauliza nani kati yetu ana falsafa yake ya elimu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilijisikia kama mtu aliyekuja harusini bila viatu. Wakati wa kurudi, nikiwa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, nikaanza kuitafuta hiyo falsafa, na kabla sijashushwa nilikuwa nimeshaipata. Suruali niliyovaa siku ile nilikuwa nimeifikiria zaidi kabla ya kuinunua.

Falsafa yenyewe ilikuwa hii: ikiwa mashamba ya wanakijiji yameunganishwa kuwa ya ujamaa, kwa nini alama za hesabu zibaki kuwa mali ya mtu binafsi? Nikaligawa darasa la saba katika vijiji, watoto watano kila kijiji, na mwenyekiti wake na katibu wake. Swali linajadiliwa na kijiji kizima, jibu linapitishwa kwa kura, na alama wanagawana sawa.

Mwalimu mkuu, mzee mwoga aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "hizi alama zako za ujamaa, mtihani wa taifa unazijua?"

"Mtihani utabadilika, mzee."

"Haya. Ukishabadilika, uniambie."

Nilimhurumia kwa kuachwa nyuma na wakati.

Katika kijiji cha kwanza kulikuwa na binti mmoja, mtoto wa wakulima wa ulezi na mahindi. Alikuwa na akili kuliko darasa zima, na huenda kuliko chumba cha walimu pia. Shuleni kwetu hakuwahi kutokea msichana aliyechaguliwa kwenda sekondari, na kila mtu, hata mwalimu mkuu aliyeogopa kutumaini chochote, alijua kwamba mwaka ule angekwenda yeye. Alikuwa na desturi moja: akiandika, daftari analizungushia mkono wa kushoto, kama mtu anayekinga moto usizimwe na upepo.

Siku moja niliushika ule mkono nikauondoa mbele ya wote.

"Unaficha nini?"

"Jibu, mwalimu."

"Kuficha jibu ni ubepari," nikasema, na nikalifanya darasa zima lirudie. Wakarudia kwa furaha. Kwa muda wa mwezi mzima wenzake walimwita Bepari. Wakati wa kuchota maji, utasikia, "Bepari, tugawie ndoo!" Mwishoni mkono ukaacha kuzunguka daftari. Niliandika katika andalio langu la somo kwamba mwanafunzi amebadilika kitabia.

Basi akaja kiongozi wa chama kutoka mjini kutazama maajabu yetu. Nilitoa swali: robo tatu jumlisha nusu. Kijiji cha kwanza kikajadiliana kwa heshima kubwa, kisha mwenyekiti, mvulana mwenye sauti nene, akasimama.

"Kijiji kimepitisha nne juu ya sita. Wanaokubali wanne, anayepinga mmoja."

"Anayepinga anasemaje?" mgeni akauliza.

"Moja na robo," binti akajibu polepole.

"Lakini wengi wameshinda, au siyo?"

"Wameshinda," akasema.

Mgeni akapiga makofi, nami nikapiga, na darasa likapiga. Jibu sahihi lilikuwa limeshindwa kwa kura, na mwalimu wa hesabu alikuwa anashangilia. Mwalimu mkuu peke yake alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia mbuzi wa shule.

Mtihani ulipofika ulikuwa uleule. Wasimamizi walitoka shule nyingine, nasi walimu wenyewe tukatakiwa kukaa mbali. Nilikuwa nikizunguka shamba la shule nilipomwona msimamizi akitoka nje na binti yule, amemshika bega. Kilichotokea kilikuwa rahisi. Alikuwa amemaliza karatasi ya hesabu kabla ya wengine, akatazama kushoto na kulia, akawaona wenzake wa kijiji wanahangaika. Akaiinua karatasi yake juu, imefunguka, kama mtu anayeanika nguo, akawasubiri wanakili. Hakujificha hata kidogo. Wala wao hawakujificha. Karatasi zote tano zikachukuliwa.

Siku chache baadaye ofisa elimu akaja na gari, tukakaa ofisini: yeye, mwalimu mkuu, mimi, na binti akiwa amesimama.

"Kwa nini uliwaonyesha wenzako?" ofisa akauliza.

"Kuficha jibu ni ubepari, shikamoo," akasema. Salamu aliisahau mwanzoni kwa hofu, akaibandika mwishoni.

Ofisa hakucheka. Akanigeukia. "Mwalimu, maneno haya umeyafundisha wewe?"

Binti akanitazama. Hakuwa anaomba chochote. Alinitazama kama mtu aliyemwita shahidi na sasa anamwona ameingia. Mwalimu mkuu alikuwa anasoma kalenda ukutani. Nilifikiria semina, nikafikiria kupandishwa cheo, nikafikiria jinsi barabara ya kwenda kituo kibaya zaidi ya hapa inavyoweza kuwa ndefu.

"Nilifundisha ushirikiano kwa ujumla," nikasema. "Huyu hakunielewa."

Yule ndiye mtoto pekee darasani aliyekuwa akinielewa mara ya kwanza. Akainamisha macho. Matokeo ya wote watano yakafutwa, na mimi nikapewa onyo la mdomo, lililosemwa kwa upole.

Sikulala vizuri mwezi ule, na sitajisifu kwa hilo. Kukosa usingizi si kazi. Lakini nilimsumbua mwalimu mkuu mpaka akakubali, kimyakimya, kwamba binti anaweza kukariri darasa la saba. Nafasi moja. Mvua zilikuwa zimeanza nilipokwenda kwao kwa baiskeli, nguo zimejaa matope. Mama yake alikuwa barazani anachambua maharage ya mbegu.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Safari hii tuchange nini? Kuku, au mtoto mwingine?"

Nilistahili, nikakaa. Binti akaja, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kwa salamu ya kwao, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamweleza. Januari arudi, nitamfundisha mwenyewe, kila mtu na daftari lake.

"Na wenzangu?" akauliza.

"Nafasi ni moja."

"Wao wanajua?"

"Bado."

"Basi waambie, mwalimu. Wewe mwenyewe. Useme nafasi ni yangu peke yangu na kwa nini. Wakishasikia kutoka kwako, nitakuja. Nikija kimyakimya nitaonekana niliwauza."

"Nitawaambia," nikasema.

"Nyumba zao ziko njiani," mama akasema bila kuinua macho kutoka kwenye maharage.

Kweli zilikuwa njiani, zote nne. Ya kwanza niliipita nikijiambia nitaanza na ya pili. Ya pili mlango ulikuwa umefungwa, nikashukuru. Ya tatu sikuitazama. Kwenye ya mwisho, yule mwenyekiti mwenye sauti nene alikuwa amesimama chini ya paa, akaniona nilivyolowa.

"Shikamoo, mwalimu! Karibu ujikinge mvua!"

"Marahaba. Nina haraka," nikamjibu, "nawahi shuleni."

Shule ilikuwa imefungwa tangu wiki iliyotangulia, naye alijua. Akanipungia mkono. Januari nilipofungua daftari la mahudhurio la darasa la saba, binti hakuwamo.