Kura ya Sita

Kamati ya chama chetu hapa Saint-Gilles, mjini Brussels, hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, katika chumba kilicho juu ya mkahawa mmoja karibu na stesheni ya Gare du Midi. Tuko kumi na mmoja. Asiyejua atadhani humo ndimo nchi inamopangwa. Wallahi, mara nyingi tunabishana tu nani abandike matangazo mtaa gani, na kama kahawa ya sokoni igawiwe ndani ya hema au nje. Mimi niliingia kwa sababu jirani alinivuta, nikabaki kwa sababu napenda ubishi. Sifichi.

Msimu ule tulikuwa tunapanga orodha ya wagombea wa baraza la komine, yaani manispaa yetu. Majina yote yalishakubaliwa, ikabaki nafasi moja, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi, na mzee mmoja Mbelgiji, dereva mstaafu wa tramu, mtu mpole asiyekosa mkutano hata mmoja. Tungepigiwa kura na kamati, kwa siri.

Niliitaka nafasi ile, tena sana. Mwezi wangu wa kwanza hapa, nimetoka Bujumbura na begi moja, nilisimama kwenye dirisha la ofisi ya komine na karatasi nisiyoielewa. Karani akawa ananisemesha polepole, kwa sauti kubwa, utadhani mimi ni kiziwi tena mtoto mdogo. Nilitoka pale nalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Leo kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa nchi hii, na kwa Kifaransa hakuna wa kunibabaisha, lakini hasira ile bado ninayo. Nilitaka kukaa ndani ya baraza linaloajiri makarani. Basi.

Wa kunipigia debe alikuwa Mkongo mmoja wa Kolwezi tunayemwita tonton, yaani mjomba, fundi wa lifti, mwanakamati mwenzangu. Wiki nzima alikuwa kwenye simu akihesabu watu. Asubuhi ya kura alinidaka kwenye ngazi.

“Maman, usiogope. Nilisha hesabia muzuri. Sisi tuko six, bale cinq. Donc, ni fini!”

Sita kwa watano: nikacheka, moyo ukatulia. Sikumuuliza hao sita ni akina nani.

Tukagawiwa vikaratasi. Unaandika jina moja, unakunja, unatia kwenye bakuli la saladi tuliloazima kwa mwenye mkahawa. Nikashika kalamu, mkono ukagoma. Mimi nimelelewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na bibi aliyenilea, ukijisifu mbele ya watu, alikuwa hasemi kitu. Anakutupia jicho mara moja tu, unatamani ardhi ikumeze. Sasa leo nijiandike mwenyewe, kwa mkono wangu, eti mimi ndiye bora kuliko mzee wa watu aliyekaa pale mbele yangu, tena ananitabasamia? Haya zikanijaa. Nikajiambia, tonton keshahesabu, watu wangu watatosha. Nikaandika jina la mzee, nikakunja, nikatia bakulini. Nikajiona nina adabu kweli.

Mwenyekiti wetu ni mama mmoja mfamasia, mwepesi wa kazi. Akafungua karatasi moja moja, akazipanga mafungu mawili mezani.

“Sita,” akasema, akataja jina la mzee. “Tano,” akataja langu.

Jamani! Kabla sijavuta pumzi, tonton alikuwa ameshasimama, kidole kinamwelekea mwalimu mmoja, binti Mflemi, mdogo kuliko sisi wote.

“Wewe! Uliniahidi kwenye simu!”

“Nimempigia yeye, naapa,” mwalimu akasema, akinionyesha mimi. Akawa mwekundu hadi masikioni, machozi yakamlengalenga. Na kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyozidi kumtazama vibaya. Mmoja akaanza kuguna. Yule binti alikuwa ananisaidia kusahihisha barua zangu bila kuombwa, na sasa anaaibishwa kwa ajili yangu.

“Mwacheni,” nikasema. “Ni mimi.”

“Wewe nini?” tonton akauliza.

“Nilimpigia mzee.”

Tonton akashika kichwa kwa mikono miwili, Kifaransa kikamkimbia, akabaki na Kiswahili cha kwao.

“Maman weee! Ya sita ilikuwa ya kwako!”

Mwenyekiti akaniuliza kwa nini, nikamjibu ukweli: kwa adabu. Mmoja akapasuka kicheko, akafuata mwingine, hata mwalimu akacheka huku anajifuta macho. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimejikasirikia vibaya mno. Mjinga wa kwanza kwenye kamati ile nilikuwa mimi.

Tonton akaomba kura irudiwe. Haikubaliwi, mwenyekiti akasema, na alikuwa sahihi. Nikamgeukia mzee. “Na wewe ulimpigia nani?”

“Nilijipigia mimi,” akajibu kwa upole wake uleule. “Nisingejitaka, ningekuja kufanya nini?”

Alilisema bila haya hata kidogo, kama mtu anayekwambia amekula asubuhi. Sikumchukia. Nilimwonea wivu. Nafasi ikaenda kwake, mwalimu akaiandika kwenye kumbukumbu za mkutano, na iliniuma, nisidanganye.

Ajenda iliyofuata ilikuwa ya makamu mwenyekiti wa kamati. Aliyekuwepo alikuwa amehamia mji wa Ghent, na makamu ndiye anayetumwa kuketi na madiwani wa chama kila wanapojiandaa kwa kikao cha baraza. Kura hiyo ni ya mikono, mbele ya macho ya watu wote. Kwa kawaida mtu hupendekezwa na mwenzake, naye hujifanya kushangaa. Tonton akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

“Mimi,” nikasema. “Najipendekeza mwenyewe.”

Uso uliniwaka moto. Mzee wa tramu akatikisa kichwa kukubali, taratibu.

“Wanaomtaka?” mwenyekiti akauliza.

Mkono wangu ulifika juu kabla ya mwingine wowote.