Joto la Chatu

Harufu ya gunia linalokaribia kuungua hunirudisha kwenye kile chumba chetu cha mabati. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu, na wenzake walimwambia kuwa akifuga chatu na kumpa joto, duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, litatema dhahabu. Akamleta ndani ya sanduku la mbao, na kazi ya joto akanipa mimi, binti yake.

Mvua zilipoanza niliachishwa shule. Nilipasha mawe kwenye jiko la mkaa, nikayafunga kwenye gunia na kuyaweka sandukuni kwa chatu, lakini kwanza kila jiwe nililigusisha shavuni. Likiniunguza mimi, lingemuunguza na yeye. Baba alifunga mlango kwa nje ili upepo usiingie. Wenzangu walipita kuniita twende mtoni. Niliwajibu kupitia tundu la msumari.

Siku moja nilishikwa na homa, nikashindwa hata kuwasha jiko. Jioni kufuli likalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umelala?"

Akaligusa sanduku, akakunja uso. Kisha akaja kunishika paji la uso, na mimi nikafumba macho kwa raha.

"Una moto sana, mwanangu," akasema taratibu. "Leo tuache mawe."

Akafungua sanduku, kisha akanifunua shuka.