Friji Lililomwogopa Fundi

Mume wangu ni fundi wa mafriji, na mtaani wanamwita Daktari Baridi. Ana utaratibu wake: kwanza anapeleka mkono nyuma ya friji, kwenye yale mabomba meusi yanayotoa joto, kisha anaitegea sikio kompresa, ile mashine inayonguruma chini, na mwisho kabisa ndipo anatoa geji za kupimia gesi. "Mkono haudanganyi," husema, hata tukiwa tunakula na hakuna aliyemuuliza.

Sasa ngoja friji liwe la mama mkwe.

Mama yangu ana kisukari, na dawa zake za sindano lazima zikae kwenye baridi. Friji lake lilipoanza kuwa vuguvugu, mume wangu alivaa shati lililonyooshwa, akabeba geji zake, ya buluu na nyekundu, na akaanzia mwisho. Mkwe mzima ataonekanaje ameinama nyuma ya friji, makalio juu, mama mkwe anatazama? Akaongeza gesi. Friji likapoa, mama akampigia makofi. Hata viatu hatujavua nyumbani, simu ikalia.

"Mkwe wangu, limerudi kuwa moto."

Siku ya pili alibadilisha thermostati, kile kifaa cha kurekebisha baridi. Likapoa. Jioni, simu. Siku ya tatu alikaa saa nzima akilitazama, nalo likapoa vizuri kabisa. Alipotoka tu, likaanza vituko vyake.

"Baba, hili linakuogopa wewe tu," mama akamwambia kesho yake kwenye simu. "Labda uhamie huku jikoni. Au niite fundi mwingine?" Dawa zilikuwa zimehamia kwa jirani, kwenye friji lililojaa samaki.

Nikawaka. "Daktari gani wewe, mgonjwa anapona ukiwepo, ukitoka anazidiwa? Unanitia aibu kwa mama yangu!" Nilimsema njia nzima tukielekea huko.

Siku hiyo hatukuwa tumempa mama taarifa kwamba tunakwenda, kwa hiyo tulilikuta friji limevaa. Lilikuwa na vazi la mahameli ya zambarau, marinda mpaka sakafuni, na nyuma kitambaa kimekunjwa mara mbili ili vumbi lisipite. Mama alikuwa analivua kila fundi akija, lisichafuke, na kulivalisha tena akiondoka. Vazi hilo nililishona mimi, kwa mkono wangu, zawadi ya mama.

Mume wangu akapenyeza mkono chini ya marinda, akauchomoa upesi. Mabomba yalikuwa ya moto kama pasi. Akanitazama. Nyani haoni kundule, lakini mimi siku hiyo nililiona langu, tena lina marinda.

"Kosa ni langu, mama," akasema, macho chini. "Nilizidisha gesi. Naipunguza sasa hivi."

Ilikuwa kweli, ila nusu tu. Juu ya vazi hakutamka neno. Nilikuwa nimemwita kila jina, naye ananisitiri mbele ya mama yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nilijua tukishatoka mama atalivalisha tena, na dawa zitaharibika.

"Mama, si yeye," nikasema. "Ni vazi langu. Joto halina pa kutokea."

Mama akashusha pumzi ndefu.

"Nimejua tangu juzi, mwanangu. Nilipolivua mgongo ulikuwa unachoma. Lakini nitakwambiaje zawadi yako inaniharibia dawa? Na ningeacha kulivalisha, siku ukija ghafla ungeumia. Nikasema nitafute fundi mgeni, akwambie yeye."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na shati lake lililonyooshwa. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, nikaomba mkasi, nikaanza kukata mgongo wote wa lile vazi. Mama alishika upande mmoja wa kitambaa, akinielekeza.

"Ya mbele usiguse," akasema. "Hayo marinda nayapenda kweli."