Shangazi na Milango Sita ya Misheni

Pasipoti tisa zilikuwa ndani ya mkoba mmoja. Mkoba ulikuwa ndani ya begi la Katibu wa kanisa, begi lilikuwa chini ya maboksi manne ya Biblia, na maboksi yalikuwa nyuma kabisa ya buti la basi, mahali ambapo Katibu alisema hata Shetani hafiki. Alisema kweli. Hapo mpakani hata wao wenyewe, wanakanisa tisa wa msafara, hawakuufikia mkoba kirahisi.

"Nani alikutuma uziweke huko?" Shangazi aliuliza, jua la saa nne likimchoma utosini.

"Usalama kwanza, Shangazi," Katibu alijibu, miguu yake tu ndiyo ikionekana nje ya buti. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Vuta boksi hilo!"

Kanisa zima lilimwita Shangazi, wazee kwa watoto. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mikono ya pili ya mumewe, seremala. Mume akipiga msumeno, yeye anashika ncha ya ubao. Mume akipima, yeye anashika tepu. Mume akimaliza, yeye anapiga msasa na vanishi. Wateja walimsifu Fundi, yeye wakamuuliza kama maji ya kunywa yapo. Kucha zake zilikuwa na rangi ya vanishi ambayo sabuni ilishaikatia tamaa.

Mwaka uliopita mumewe alivuka naye mpaka huohuo hadi hospitali ya misheni, wakasimamisha fremu sita katika wodi mpya ya wazazi. Walirudi nyumbani, akatengeneza milango, akaituma kwa lori. Wiki iliyofuata aliketi kitandani avue viatu, na hakuinuka tena. Ilikuwa miezi mitatu sasa.

Milango ilikuwa imefika, imeegemezwa ukutani. Fundi wa kule alijaribu mmoja, ukagoma, akaogopa kuukata. Kuta zilijengwa kwa kujitolea, zimepinda, na kila fremu ilikuwa na kipimo chake na mlango wake. Vipimo vyote vilikuwa kwenye daftari la marehemu, kwa mwandiko uliosomwa na Mungu, yeye mwenyewe na mkewe tu. Ijumaa mchana wakaguzi wa serikali wangekuja. Wodi isiyo na milango haipati kibali, na wakaguzi hawarudi mpaka miezi sita ipite. Wajawazito wangeendelea kubebwa saa tatu za barabara mbovu hadi mjini. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Pasipoti zilipopatikana, foleni ikasogea. Mchungaji akapita, wanakwaya wakapita. Katibu akafika dirishani, akafungua faili lake lenye vibandiko vya rangi.

"Cheti cha chanjo ya homa ya manjano," alisema ofisa wa afya.

"Hiki hapa."

"Hii ni fotokopi, mzee. Nataka chenyewe."

Katibu alipekua faili. Akapekua begi. Akajipapasa mifukoni kama mtu aliyeingiwa na siafu. Ndipo alipokumbuka. Alikuwa amekusanya vyeti vya watu wote, akavitoa kopi mbilimbili kwenye mashine ya ofisi ya kanisa, na alivikusanya tena vyote isipokuwa cha mwisho, chake, ambacho bado kilikuwa kimelala chini ya kifuniko cha mashine.

"Mganga hajigangi," alinong'ona mwanakwaya mmoja.

"Si mnichanje hapahapa?" Katibu alisihi.

"Tunaweza. Ila itabidi usubiri siku kumi ndiyo uvuke."

Ikapigwa simu nyumbani. Cheti kingeletwa na basi la kesho, kifike Ijumaa asubuhi. Mchungaji akawakusanya kwenye benchi la kusubiria. Kabla ya safari walikuwa wamepiga kura kwa kunyoosha mikono: wao ni mwili mmoja, akikwama mmoja wamekwama wote. Shangazi naye alinyoosha mkono. Nani angejua?

"Tutaligeuza jambo hili kuwa mfungo," Mchungaji alisema. "Siku mbili za maombi. Mungu ana makusudi yake."

Kwa miezi mitatu Shangazi alikuwa ameambiwa kwamba Mungu ana makusudi. Alilisikia hilo kaburini, sokoni, hata kwa fundi viatu. Hakupinga. Alimwamini Mungu kuliko alivyowaamini waliomsemea.

"Mchungaji," alisema, "makusudi ya Mungu siyajui. Ya kwangu ni milango."

"Tulikubaliana, Shangazi."

"Tulikubaliana kufika."

"Mwanamke peke yako, na sanduku zito hivyo? Marehemu angesemaje?"

"Angesema nimekaa sana." Akanyoosha mkono kwa Katibu. "Pasipoti yangu."

Katibu alitazama chini. "Shangazi, unisamehe."

"Nimekusamehe. Lete pasipoti."

Alivuka kwa miguu, sanduku la zana likiwa juu ya mkokoteni wa kukodi. Gari la kwanza likampakia, likaharibika. La pili dereva wake alisimama kila kona kusalimia shemeji zake, nao walikuwa wengi kama mchanga. Alifika misheni Alhamisi alasiri, miguu imevimba. Hakukaa. Alifungua daftari, akachukua randa na bawaba, akaanza.

Mlango wa kwanza uliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Wa pili, wa tatu, mpaka wa tano, Ijumaa asubuhi. Wa sita, wa chumba chenyewe cha kujifungulia, ukagoma. Alipima fremu, akasoma daftari, akapima tena. Marehemu alikuwa amekosea. Yeye aliyemgombeza mkewe miaka ishirini na sita, "pima mara mbili," alikuwa amezidisha upana wa kidole kizima.

"Na wewe nawe!" Shangazi alifoka peke yake katikati ya chumba. "Mara mia na moja umenisumbua kwa kupima, halafu unafanya hivi? Unakosea, unakwenda zako, unaniachia mimi! Ulikuwa na haraka gani? Nani alikutuma?"

Alilia huku akipiga randa. Hakusimamisha kazi ili alie, wala kilio ili afanye kazi. Maranda yalimfika vifundoni. Saa sita kasoro, mlango ukafunga.

Wakaguzi walikuja, wakafungua, wakafunga, wakaandika, wakaondoka. Kibali kikatolewa. Nusu saa haikupita, mama mmoja akaletwa, ameshikwa huku na huku, uchungu umechachamaa. Shangazi alikuwa bado ndani, anafagia.

"Shangazi, toka, tunafunga!" muuguzi alimwambia.

"Subiri niondoe vumbi hili."

"Toka, mama, mtoto hasubiri!"

Wakamsukuma nje na ufagio wake, wakafunga mlango usoni pake. Hata asante hakuna. Alisimama akausikiliza mlango kila muuguzi alipoingia na kutoka. Haukulia.